Walicheka mikono, mahari hawakucheka

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, natunga vichekesho ila watu hawacheki. Nifanyeje?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Saa saba usiku bado niko macho naandika, maana swali lenyewe limenigusa kwenye kidonda.

Miaka sita iliyopita nilikuwa na kikundi cha maigizo, watu tisa, mazoezi jioni tukitoka makazini. Nikaitafsiri L'Avare, tamthilia ya Molière, Mfaransa wa karne ya 17 aliyetunga vichekesho, ile ya mzee bahili Harpagon. Molière si mgeni kabisa kwenye Kiswahili, Tartuffe yake ilishatafsiriwa zamani kwa jina la Mnafiki. Lakini mimi nilimtaka bahili. Kila ukoo unaye mmoja.

Sasa, Harpagon anataka kumwoza bintiye kwa mzee mmoja mwenye mali. Kila akipewa sababu ya kukataa, jibu lake ni lile lile: "Bila mahari!" Wafaransa hapo huvunjika mbavu. Ukumbi wetu ulikaa kimya kama msibani. Harpagon nilikuwa mimi mwenyewe, nikazidi kupaza sauti, kana kwamba watu ni viziwi. Mama mmoja wa mstari wa mbele akamgeukia jirani yake: "Bahili gani huyu anayetoa binti bure?"

Mama alikuwa sahihi. Ufaransa ya wakati ule baba wa binti ndiye aliyetoa mali, siyo aliyepokea. Neno nililitafsiri vizuri sana, nikasahau kuangalia pesa inatoka mfuko gani kwenda mfuko gani.

Tulipomaliza, mtu mmoja anayesikilizwa kwenye mambo ya sanaa pale mjini akaniambia, mbele ya waigizaji wangu, kwamba mambo ya Wazungu niwaachie Wazungu. Nimeshamsamehe. Ila hata rangi ya shati lake naikumbuka. Miezi miwili haikupita, kikundi kikafa.

Kilichoniinua ni kusoma maisha ya Molière mwenyewe. Jina lake halisi ni Jean-Baptiste Poquelin, mtoto wa fundi wa mapazia na viti vya mfalme, kazi ya uhakika kabisa. Akaiacha, mwaka 1643 akaanzisha kundi la maigizo, na mwaka 1645 madeni yakampeleka jela. Akatoka, akazunguka mikoani miaka kama 13. Mwaka 1658 akapata nafasi ya kuigiza mbele ya mfalme Louis XIV. Wakaanza na tanzia, mchezo wa huzuni, ya mwandishi mwenzake Corneille, mambo yakapoa. Akasogea mbele, akaomba ruhusa waongeze kichekesho kimoja kifupi. Mfalme akacheka, na kundi likapewa ukumbi Paris.

Kwa hiyo mdogo wangu, kwanza kabisa, usikione kichekesho ni kazi ya waliokosa kazi. La pili, anza na kasoro yako mwenyewe. Molière alikuwa na kifua kibovu, na Harpagon alimwigiza yeye. Unajua alifanyaje? Akaandika humo humo mwanamke wa kumsifia bahili kwamba anakohoa kwa madaha! Kikohozi hicho hicho kilimkamata jukwaani Februari 1673, akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, na usiku ule ule akafia nyumbani kwake.

Nyinyi vijana mnakimbilia suruali pana na mto tumboni. Mnatumbua macho, halafu mnalaumu hadhira. Harpagon hatanii hata mara moja! Sanduku lake la pesa likiibwa analia kweli, anamkamata mwizi mkono, kumbe ameshika mkono wake mwenyewe. Yeye haoni cha kuchekesha hapo. Narudia: anza na kasoro yako.

Mimi kasoro yangu naijua, mke wangu hanipi nafasi ya kuisahau. Kwenye kikundi kile mweka hazina nilikuwa mimi, na nauli nilikuwa nahesabu mara mbili. Basi mwezi uliopita tumerudi jukwaani, nusu ni wale wale wa zamani. Mambo ya mahari nimeyakata yote. Nikabaki na pale Harpagon anapompekua mtumishi asimwibie, na safari hii sikumwigiza mtu, nilipekua kama ninavyopekua kwangu.

"Nionyeshe mikono."

"Hii hapa."

"Na mingine?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga viti. Nilisimama pale nimekunja uso, na kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyozidi kucheka. Yule wa shati simjui kama alikuwepo. Nilimtafuta kwa macho, siwezi kudanganya.

Usiku tunagawana nauli nje ya ukumbi, yule aliyecheza mtumishi akanyoosha kiganja. Nikamwekea noti, nikaichukua tena niihakiki kwenye mwanga wa simu. Akanyoosha na cha pili.

"Mingine sina, bosi," akasema.