Umepataje?

Mpwa wangu alihitimu ualimu miaka mitatu iliyopita, na sasa ndiyo kwanza ameitwa kwenye usaili. Juzi usiku akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Eti wakiniuliza falsafa yangu ya elimu, niseme nini?"

Nikamwambia anisomee kwanza alichokiandika. Akasoma ukurasa mzima: mwalimu ni mwezeshaji, mwanafunzi ndiye kitovu cha somo, mbinu shirikishi, stadi za maisha. Dewey alikuwemo, na Vygotsky alikuwemo, wale wataalamu wa nadharia za kujifunza. Sikusikia neno la kupinga. Alipomaliza nikamuuliza, "Sasa mwanangu, mtoto akikuletea 52 kutoa 37 sawasawa na 25, ukurasa huo unakwambia ufanye nini?" Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

Hesabu hiyo sikuitunga kwa ajili yake. Ni deni langu la zamani.

Nilianza kazi mwaka 2003 katika shule moja ya kijijini. MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilikuwa mpya, ada imefutwa, watoto wamemiminika, na mimi na cheti changu cha ualimu cha Daraja la IIIA nikakabidhiwa Darasa la Tatu lenye watoto 96 na madawati 23. Waliokosa dawati walikaa sakafuni, daftari juu ya goti. Safu ya mbele alikuwepo mvulana mmoja mpole, hakosi shule hata mvua inyeshe, lakini hesabu za kutoa hapati hata moja. Nimfundishe leo, kesho ni yale yale. Wiki ya tatu nikamchapa viboko viwili vya mkononi, nikamwambia ni kwa sababu hasikilizi.

Kwa kanuni za mwaka 2002, kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, hakizidi vinne, na kinaandikwa kwenye daftari maalumu. Mimi sikuwa na idhini ya mtu wala sikuandika popote. Walimu tuliofanya hivyo tulikuwa wengi, na wingi wetu haukumpunguzia yule mtoto maumivu.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa nasahihisha madaftari usiku kwa koroboi. Peni nyekundu ilikuwa inakwisha wino, kwa hiyo badala ya kuweka X mfululizo nikawa naangalia kwanza. Daftari lake lilikuwa na 61 − 48 = 27. Chini yake, 83 − 29 = 66. Nikarudi kwenye 52 − 37 = 25. Yalikuwa makosa ya aina moja, yamepangika kama kwamba kuna mtu kamfundisha. Nikafungua madaftari mengine, nikawakuta wenzake zaidi ya ishirini wenye majibu hayo hayo.

Asubuhi nikamwita mezani, nikamuuliza, "Umepataje hii 25?" Kwanza alilia, maana alijua kinachofuata. Alipotulia akasema, taratibu, "Mwalimu, ulisema tunatoa namba ndogo kwenye namba kubwa. Hapa saba, hapa mbili. Ndogo ni mbili."

Nililisema kweli. Mwanzoni mwa muhula, tukitumia kokoto na vizibo vya soda, niliwaambia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: siku zote toa ndogo kwenye kubwa. Wakati ule tulikuwa na tarakimu moja moja na kauli ilitosha. Tulipofika kwenye makumi na mamoja sikuirekebisha. Yule mtoto niliyemwambia hasikilizi alikuwa amenisikiliza kuliko darasa zima, nami nikamchapa kwa utii wake.

Hapo ndipo falsafa yangu ilipoanzia, na tangu siku ile sijaiongezea mengi. Mtoto haandiki jibu hovyo. Kuna njia aliyopita, na mara nyingi ni njia yenye mantiki, ila imeanzia mahali pasipo sahihi. Kazi ya mwalimu ni kuirudi njia hiyo pamoja naye mpaka mlipoachana. Ukiweka X na kuandika jibu sahihi pembeni, unakuwa umemwonyesha mji bila kumwonyesha barabara.

Kiswahili chenyewe kinachangia. Waambie Darasa la Pili waandike mia moja na tano, utapata 1005 kwa wingi. Mtoto kasikia "mia moja", kaandika 100. Kasikia "na tano", kaweka 5. Kwa masikio yake amefanya ulichosema. Au mchoree saa, akrabu fupi kwenye 8, akujibu ni saa nane. Anasoma namba anayoiona! Sisi watu wazima tunasema saa mbili bila kukumbuka kwamba tunasoma namba ya upande wa pili. Kabla ya kumwona mzito, jiulize ni nani anayefanya jambo la ajabu hapo.

Sasa, kama unataka kulijaribu swali hili darasani, kuna kosa nililolifanya mimi ambalo ningependa lisikupate. Mwezi wa kwanza niliwauliza waliokosa tu. Watoto si wajinga. Baada ya siku tatu, nikisema tu "umepataje", mkono unakwenda kwenye kifutio. Swali limegeuka kiboko cha maneno. Ikabidi nianze upya, niwaulize na waliopata, tena wao zaidi, mpaka swali lisiwe na harufu ya hukumu.

Na huko kwa waliopata ndiko nilikokuta mambo. Niliwahi kuuliza ipi kubwa, 3/4 au 1/3. Binti mmoja akajibu 3/4, vema kabisa. "Umepataje?" "Kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu." Alikuwa akitazama asili, ile namba ya chini, peke yake. Nikampa 1/4 na 1/3, akachagua 1/4 kwa ujasiri ule ule. Nisingeuliza, angeondoka na alama ya vema na ugonjwa wake ndani. Tulikwenda kwenye chapati: ukiigawa kwa watu watatu na ukiigawa kwa watu wanne, wewe ungependa kukaa kundi lipi? Alicheka, kwa sababu kwao walikuwa wanane na hesabu hiyo aliijua tangu zamani.

Najua unachotaka kuniambia: watoto 96, dakika 40, nitamuuliza nani? Sikuambii umuulize kila mtu kila siku. Mimi hufanya hivi. Ninaposahihisha sianzi na peni. Napanga madaftari mezani kwa mafungu kufuata jibu, si kufuata alama. Waliopata, fungu lao. Waliopata 25, fungu lao. Waliopata 89, hao wamejumlisha badala ya kutoa, fungu lao. Utashangaa: watoto arobaini waliokosa huwa na makosa matatu au manne tu, na wawili watatu wasioeleweka. Kesho yake sifundishi tena somo zima. Naandika ubaoni majibu mawili, la kweli na lile lenye wafuasi wengi, bila jina la mtu, nawaambia wajadili kila moja limepatikanaje. Wanaolitetea kosa mara nyingi hulibomoa wenyewe katikati ya sentensi. Wale wasioeleweka nakaa nao, safu moja kwa siku, wengine wakifanya mazoezi. Kwa wiki nakuwa nimepita darasa zima.

Andalio la somo linaandikwa kabla, kwa hiyo haliwezi kujua haya. Andika andalio, maana wakaguzi watalitaka na lina faida yake, lakini mafungu ya madaftari yana habari mpya zaidi.

Mpwa wangu aliniuliza kama haya yana msingi wowote wa kitaalamu, asije akaonekana ametoa kichwani. Nikamkumbusha Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967. Wengi wetu tunaikumbuka kwa jembe, shamba la shule na kuchota maji ya nyumba ya mwalimu (hilo la mwisho halimo humo, tuliliongeza sisi). Lakini anapotaja mambo ambayo elimu yetu iyakuze, la kwanza ni akili ya kudadisi. Anafuatisha uwezo wa kujifunza kwa wengine huku ukikataa au kurekebisha wanayofanya kulingana na mahitaji yako, kisha kujiamini kwa mtu aliye huru na sawa na wenzake. Mtoto anayeweza kusimama na kueleza alivyopata jibu, na mwenzake akamwambia "hapana, hapo sikubali", anafanya yote matatu kwa hesabu ya kutoa tu.

Nisikudanganye kuhusu mitihani. Karatasi ya Hisabati ya darasa la saba ina maswali mengi ya kuchagua herufi, na herufi haiulizwi umepataje. Kuna mwaka darasa langu lilifanya vizuri, kuna mwaka tulikuwa nyuma katika kata na nikaitwa kujieleza. Mkuu wangu wa wakati huo, mtu wa haki lakini mwenye shinikizo kutoka kwa wakubwa wake, aliniambia niache hadithi nifundishe. Nilichofanya ni kutenga Ijumaa kwa maswali ya mitihani iliyopita, siku nyingine nikabaki na mafungu yangu. Si ushindi. Ni mapatano, na hata wewe utahitaji ya kwako.

Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata baada ya hapo. Mtoto niliyemzoesha kujieleza kwa miaka, kwa Kiswahili, anaingia Kidato cha Kwanza na karibu kila somo linageuka Kiingereza. Akija kunisalimia likizo namuuliza habari za Hisabati, ananiambia siku hizi hanyanyui mkono. Anajua alivyopata, anakosa maneno ya kulisemea. Kwa walimu wa sekondari nina ombi dogo tu: mwache aeleze kwanza kwa lugha anayoimudu, kisha mtafute Kiingereza chake pamoja. Nimewaona walimu wanaofanya hivyo kimyakimya, mlango umefungwa, kama watu wanaovunja sheria.

Mpwa wangu ameukata ukurasa wake ukabaki nusu. Dewey amebaki, nimemwambia hana ubaya. Usaili wake ni wiki ijayo.

Nami usiku huu nina madaftari ya Darasa la Tatu. Mafungu manne yamekaa sawa, limebaki daftari moja la pembeni. 403 − 158, jibu lake ni 155. Si la kutoa ndogo kwenye kubwa, hilo lingeleta 355. Nimelizungusha tangu baada ya chakula. Ninavyohisi, ile 4 ya mamia imekopwa mara mbili, mara moja kwa ajili ya mamoja, mara nyingine kwa ajili ya makumi, ikabaki 2. Lakini ni hisia zangu tu. Mwenye daftari anakaa safu ya tatu, na safu ya tatu zamu yake ni kesho.