Mwangalie anavyoinuka kwanza, mazoezi baadaye

Ndugu wanaoleta wagonjwa wao fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hapa Dodoma huja na ombi moja: "Daktari, tupe mazoezi." Mgonjwa kafunguliwa hogo baada ya kuvunjika mguu, au kapata kiharusi na upande mmoja umelegea, nao wanataka maelekezo waliwahi basi la Mpwapwa. Nawaelewa, safari ni ndefu na nauli inauma. Lakini mazoezi yasiyotokana na vipimo yanamchosha mgonjwa bure, na kipimo cha kwanza ni macho.

Mimi huanza kwa kumuuliza mgonjwa ni jambo gani limemshinda. Mama mkulima wa Chamwino hajali goti lake linakunja nyuzi ngapi. Anataka kuchuchumaa chooni bila kushikwa na mjukuu, na kukaa kwenye kigoda akisonga ugali. Akishanijibu, najua niangalie nini.

Kisha namwambia, "Mama, hebu inuka hapo kitini, taratibu, mikono kifuani." Tazama nyayo zake. Kama ameziacha mbele ya magoti, atahangaika hata akiwa na nguvu. Tazama kifua: asipokiinamisha mbele, makalio hayanyanyuki. Tazama uzito anauweka wapi. Akiegemea mguu mmoja tu, basi ule wa pili unauma, hauna nguvu, au anauogopa. Hofu ni kitu halisi, hasa kwa aliyewahi kuanguka, na wataalamu wengi wachanga huiruka.

Sasa tafuta sababu, na hapa usiwe na haraka. Mwombe akunje goti mwenyewe hadi anapoishia. Halafu alegeze mguu kabisa, umkunjie wewe polepole. Likigoma pale pale mara zote mbili, kiungo chenyewe kimekaza. Likikunjika vizuri mkononi mwako lakini yeye mwenyewe hawezi, shida iko kwenye misuli, mishipa ya fahamu au maumivu. Na akilalamika maumivu kabla hujakutana na ukinzani wowote, goti bado lina moto ndani: nenda pole sana. Tofauti hizi ndizo zinazoamua tiba. Kumnyoosha mtu ambaye tatizo lake ni udhaifu ni kumpotezea muda.

Nguvu za misuli tunazipa alama 0 hadi 5. Alama 3 maana yake anaweza kunyanyua mguu au mkono hadi mwisho dhidi ya uzito wake, ila ukiusukuma kidogo unashuka. Aliye chini ya hapo usimfunge mfuko wa mchanga mguuni. Mlaze ubavu, mguu uteleze juu ya godoro, afanye kazi bila kubeba uzito.

Kuchuchumaa kabisa kunataka goti likunje zaidi ya nyuzi 120, lakini pia kunataka kifundo cha mguu kikubali kukunja. Nimewaona wengi wanaohangaikia goti wakati kisigino ndicho kinachonyanyuka na kuwaangusha nyuma.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni lile lile la kuinuka kitini. Pandisha kimo cha kiti kwa blanketi lililokunjwa, mgonjwa ainuke na kukaa mara 10, akae polepole bila kujibwaga. Akilizoea, punguza blanketi, mpaka mtakapofika kwenye kigoda.

Kwa aliyepata kiharusi, tafadhali sana, msimvute kwa mkono uliolegea. Bega lake halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia na linaweza kutoka mahali pake. Simama upande wake dhaifu, umfunge kanga imara kiunoni, ushike kanga.

Mkongojo unashikwa mkono wa upande mzima, si upande mbovu, ingawa karibu kila mzee ninayekutana naye anafanya kinyume. Akisimama na kuachia mikono, mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, mbovu utangulie kushuka.

Nyumbani mnaweza kumpima kwa saa ya simu: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi yuko kwenye hatari ya kuanguka. Mtu akae karibu naye, hasa anapogeuka, maana hapo ndipo wengi hupepesuka.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, punguzeni. Ila shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa la moto na kuuma, au akabanwa kifua na kukosa pumzi, acheni kila kitu. Msilichue, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa.