Visu vya kukunja vinashika kutu: kipi nitembee nacho?

Waalaykum salaam, mdogo wangu wa Wete. Umesema una visu sita vya kukunja, vyote umevifungia kwenye vifuko vya ngozi ndani ya mtoto wa meza, na sasa vina madoa. Kosa ni hivyo vifuko. Ngozi hunyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani ina chumvi. Vitoe leo hii, vifute, vipake mafuta ya cherehani kidogo, na tone moja kwenye kiungo. Ya nazi usitie, yanaganda na kunuka.

Opinel yako, kile kisu cha kukunja cha Kifaransa, tazama bapa lake. Ikiwa limeandikwa INOX, ni chuma kisichoshika kutu upesi. Ikiwa ni Carbone, hunoleka vizuri mno kwenye kinoo, lakini ukimenya chungwa bila kukifuta, jioni kimeshakuwa cheusi. Mpini wake wa mti nao huvimba ukirowa, kisu kikawa kigumu kufunguka. Kianike kivulini tu. Ile pete ya kufungia bapa imeanza 1955, basi ukikuta cha zamani kisicho nayo, angalia vidole!

Cha kutembea nacho mie ningechukua hicho cha INOX. Chatosha kwa embe, kamba na pweza mdogo. Dafu liachie panga, na chaza usibandulie, ncha itakatika. Ukipanda ndege kuja Unguja, kitie kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi, au utakiacha pale pale ukaguzini. Changu kimoja kilikwenda hivyo.