Magamba ya nyayo yasiyosikia dawa ya fangasi: jikague kwanza

Mkuu wa Ngamiani, Tanga, umeandika kwamba nyayo zote mbili zina magamba, visigino vimepasuka, viwiko navyo vimeanza, na dawa za fangasi hazijafua dafu. Kabla hujanunua tyubu nyingine, jikague, maana hiyo inanukia soriasisi, ugonjwa wa ngozi usiotokana na fangasi.

Fangasi hupenda kuanzia katikati ya vidole, na mara nyingi mguu mmoja huzidi mwenzake. Soriasisi hushika pande zote mbili karibu sawasawa, mpaka wa baka ni wazi, na kwa kawaida ina ndugu zake kwingine: viwikoni, magotini, kichwani (wengi huidhania mba sugu), kitovuni, hata juu ya mfereji wa makalio. Tazama na kucha kama zina vishimo vidogo mithili ya alama za ncha ya sindano. Wala usitafute ule wekundu wa picha za mtandaoni. Kwenye ngozi nyeusi baka huwa la zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Ukibaki na shaka, magamba hukwanguliwa na kutazamwa kwa hadubini. Omba kipimo hicho, kwa sababu stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi inayotumika kwa soriasisi, ikipakwa juu ya fangasi huistawisha.

Sasa dawa. Wengi hupaka stiroidi juu ya gamba nene, halafu wanalalamika kwamba haifanyi kazi. Haipenyi! Lainisha kwanza: loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, kausha, kisha paka asidi ya salisiliki ya asilimia 5 hadi 10 iliyochanganywa na mafuta ya mgando, ukavae soksi za pamba ulale nazo. Ipake kwenye gamba tu. Ikiingia kwenye mpasuko inachoma, na mpasuko wenyewe unataka mafuta ya mgando matupu mpaka ufunge. Mwenye kisukari asiiguse bila daktari.

Gamba likishalainika ndipo daktari huandika stiroidi kali, mathalani klobetasoli ya asilimia 0.05, kwani ngozi ya unyayo ni nene na zile hafifu haziigusi. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza: hiyo ni karibu nusu gramu, inatosha unyayo mmoja. Kwa nyayo mbili mara moja kwa siku, tyubu ya gramu 15 inakwenda wiki mbili hivi. Baada ya hapo punguza taratibu, siku moja ndiyo moja hapana, kisha mara mbili kwa wiki. Ukikata ghafla, hurudi kwa kishindo. Na hiyo ya unyayo usiipeleke usoni wala kwenye mapaja ya ndani. Huko ngozi itachakaa na kuchanika michirizi.

Kwa anayetawadha mara tano kwa siku, paka dawa baada ya Isha, isioshwe mpaka Alfajiri. Kila baada ya udhu kausha katikati ya vidole na upake mafuta kidogo. Hata ya nazi yanafaa, ingawa kwa kisigino kilichokauka ya mgando hushika zaidi. Msikitini usijifiche, ugonjwa huu hauambukizi kwa mkeka wala beseni: ni kinga ya mwili inayoikimbiza ngozi ijitengeneze kwa siku chache badala ya karibu mwezi.

Jiwe la kusugulia miguu liweke kando. Ngozi ya soriasisi ikijeruhiwa huota baka jipya palepale, na kobazi zenye ukanda mgumu hufanya vivyo hivyo. Kubwa zaidi, usikubali vidonge au sindano ya stiroidi ya dukani. Utang'aa wiki chache, kisha zikiisha unaweza kuota vijipele vya usaha mwili mzima.

Nenda hospitali ya Bombo mapema kama vidole vinavimba au viungo vinakakamaa asubuhi, kwani soriasisi hula viungo pia. Ikiwa imezuka ghafla na kwa ukali, pima na VVU. Kama unameza propranolol (ya presha na moyo) au lithiamu (ya maradhi ya akili), mtajie daktari, zote huichochea. Ukianzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, shika hili: humezwa mara moja kwa WIKI, si kila siku. Kuimeza kila siku kumeua watu. Huambatana na asidi ya foliki na vipimo vya damu na ini, na mjamzito hapewi kabisa.