Pell Grant hairudishwi, ila angalia hapa

Mdogo wangu, umeuliza kama Pell Grant ya Marekani utakuja kudaiwa. Hapana, si mkopo. Ni ruzuku ya serikali kuu kwa wenye uhitaji. Ila ukiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu yake inaweza kudaiwa, kwa hiyo tafadhali usiondoke kimyakimya. Kiwango cha juu kwa 2025–26 ni dola 7,395. Fomu ya kuombea msaada huu, iitwayo FAFSA, hujazwa kila mwaka, na inaangalia kipato cha familia cha nyuma, si cha sasa. Sasa, mzazi akiachishwa kazi leo? Peleka barua ya kuachishwa kwenye ofisi ya misaada ya fedha chuoni, uombe wakokotoe upya msaada wako. Wana mamlaka hayo, na inaniuma kwamba wanafunzi wengi hawaambiwi.