Muulize Fundi wa Mvuke: Siku tatu Reykjavík na mama

SWALI: Naishi Oslo, kwetu Mombasa. Mamangu, miaka 67, anakuja Juni kunitazama, nami nataka tukae siku tatu Reykjavík. Magoti yanamsumbua, nguruwe kwetu haguswi, na hijabu haivui. Watu wananiambia nisipoingia lile bwawa la buluu, Blue Lagoon, basi sijafika Aisilandi. Nimpeleke wapi?
– Binti wa Kibokoni

JIBU: Binti wa Kibokoni, msalimie mama. Mji ule nilikaa miezi sita nikisomea jotoardhi, yaani joto la ardhini linalotoa mvuke wa umeme. Mafunzo hayo yalianza 1979, na Wakenya wengi wa visima vya mvuke vya Olkaria, Naivasha, wamepitia hapo. Kwa hiyo nitakayokwambia ni ya mtu wa mabomba.

Nianze na hilo bwawa la buluu. Maji yake ni yale yanayobaki baada ya mtambo wa umeme wa Svartsengi kumaliza kazi nayo. Si machafu, na weupe wake ni madini ya silika tu. Lakini bei yake inauma, na tangu mwisho wa 2023 volkano imelifungisha mara kadhaa. Sisi Olkaria tuna bwawa la ukoo huo huo, tena nyani wanakutazama bure.

Mpeleke mama Laugardalslaug, bwawa la manispaa. Wenyeji ndiko wanakopiga soga, wazee kwa vijana, wamekaa kwenye madimbwi ya maji moto mpaka shingoni. Magoti yake yatakushukuru. Ila mwambie mapema, asije akashtukia mlangoni: kabla ya kuingia majini kila mtu huoga kwa sabuni bila nguo, na wahudumu huangalia kweli. Wanawake wako peke yao, lakini bafu ni la wazi. Siku ya kwanza nilisimama na taulo langu kama nguzo, nikasoma bango la maelekezo mara tatu. Ulizeni mapokezi bafu lenye mlango au pazia. Akishaoga, avae vazi lake la kuogelea la kufunika mwili. Nimewaona kina mama wameingia nalo, wala hakuna aliyegeuza shingo. Pete na bangili za fedha aziache hotelini, kwa sababu maji moto ya huko yana salfa na fedha hugeuka nyeusi. Salfa hiyo ndiyo itakayomfanya aulize nani kavunja yai bovu bafuni. Maji baridi ya bomba ni matamu, kunyweni bila wasiwasi, ila chai msiipikie maji ya bomba la moto.

Mjini penyewe nusu siku inatosha. Kanisa la Hallgrímskirkja lilijengwa kuanzia 1945 hadi 1986, na uso wake umeigiza nguzo za mawe ya volkano, kama zile anazoziona mtu Hell's Gate, Naivasha. Mnarani mnapanda kwa lifti. Halafu teremkeni ufukweni mpaka Harpa, ukumbi wa muziki wenye kuta za vioo, mkae ndani mtazame bahari bila kupigwa na upepo. Njiani mtaona foleni kwenye kibanda cha soseji kilichoanza 1937. Mtaambiwa ni nyama ya kondoo. Kondoo yumo, lakini na nguruwe yumo. Piteni.

Siku ya pili ni ya Þingvellir, kilomita 45 hivi kutoka mjini. Wengi hukimbia hapo dakika ishirini wawahi chemchemi. Msifanye hivyo. Egesheni juu, Hakið, ambapo mama ataona bila kushuka bonde: ukuta wa mwamba upande mmoja, ziwa upande wa pili, na kati yake ardhi inayoachana; Aisilandi nzima hutanuka sentimita mbili hivi kwa mwaka. Ni ndugu wa Bonde la Ufa letu, ila wao wanaachana haraka zaidi. Hapo ndipo Waaisilandi walipoanza kukutana kutunga sheria mwaka 930, na hapo hapo wakatangaza jamhuri tarehe 17 Juni 1944. Mimi nilikwenda mara nne.

Chakula cha mchana kipo Friðheimar, ndani ya banda la vioo la nyanya linalopashwa moto na maji ya ardhini. Supu ya nyanya na mkate, mtu ale mpaka atosheke. Wekeni nafasi mapema. Kisha chemchemi ya Strokkur, inayorusha maji moto kila dakika tano hadi kumi. Simameni upande upepo unakotoka. Maporomoko ya Gullfoss muyatazame kutoka juu, ngazi za chini muwaachie wenye magoti.

Siku ya tatu nendeni Seltún, Krýsuvík: njia ya mbao, matope yanachemka kama uji wa mtama, na watu si wengi.

Mkikodi gari, mlango mshikilie kwa mikono miwili. Mwenzangu kutoka Uganda aliufungua kizembe, upepo ukaupindua bawaba zikalia, na bima haikulipa hata senti. Na kwa vile Juni jua huzama karibu na saa sita usiku, mama akikuuliza Isha saa ngapi, muulizeni sheikh wenu wa Oslo kabla hamjapanda ndege. Hilo si la fundi.

SWALI: Nimepanda Ol Doinyo Lengai. Je, volkano za Aisilandi ni kitu kile kile?
– Msomaji, Arusha

JIBU: La. Lava ya Lengai ina magadi mengi na hutoka kwenye nyuzi joto 500 hadi 600 hivi, nyepesi kama mafuta machafu ya gari. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa ya namna hiyo. Ile iliyomwagika Fagradalsfjall, Aisilandi, 2021 ni basalti, lava nyeusi ya kawaida, inayokaribia nyuzi 1,200, mara mbili ya joto la Lengai. Ya Lengai hutoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe na kumung'unyika. Ya kule hubaki nyeusi miaka na miaka, mpaka majani laini ya kijani yaitande kama zulia. Zulia hilo usilikanyage; alama ya kiatu chako itakuwepo hata wajukuu wako wakienda.