Kwa mnaoanza kazi ya farasi Lubumbashi: msimkimbize mwanafarasi kwa ajili ya zawadi

Wadogo zangu, kila kiangazi vijana wapya huja kuomba kazi mazizini kwetu, wengi kutoka mitaa ya Katuba na Kenya hapahapa mjini, na swali lao la kwanza halihusu majani wala kwato. Wameona mbio za ng'ambo kwenye simu, wamesikia fedha zinazotajwa, halafu wanamtazama jike letu refu la miaka miwili na kuniuliza: yaya (yaani mkubwa wetu), mbona huyu hatumkimbizi? Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Nawajibu kwamba hapana, hakimbizwi, na sababu yake nataka muishike kwa mikono yenu.

Anzeni na mdomo. Simama ubavuni, si mbele, uinue mdomo wa juu taratibu. Meno mawili ya katikati ya utoto hung'oka farasi akifika kama miaka miwili na nusu. Yanayofuata, mitatu na nusu. Ya pembeni, minne na nusu. Akifika mitano ndipo kinywa kimejaa. Basi farasi anaweza kukuzidi kimo, akakuburuta na kamba uwanja mzima, na bado mdomoni ana meno ya utoto.

Sasa shuka kwenye mguu wa mbele. Juu kidogo ya goti pana sehemu laini ambako mfupa bado unarefuka, na hiyo hufunga akiwa na miezi 24 hadi 30 hivi. Uti wa mgongo, pale tunapoweka tandiko na mtu juu yake, huendelea kukomaa hadi mwaka wa tano au wa sita. Msomeni pia pasipoti yake kwa makini. Kwa farasi wa mbio wa upande wetu huu wa dunia, umri wote huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Agosti. Aliyezaliwa Novemba ataitwa wa miaka miwili siku hiyo, naye kwa kweli ana miezi 21. Wengi wanaotufikia kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kutoka Zambia, wamekimbizwa kwa hesabu hiyo, na sisi tunawapokea wakiwa wamechoka.

Mtasikia pia hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa. Mfupa mchanga hujijenga kufuatana na kazi unayopewa. Mwanafarasi aliyefungiwa bandani hadi miaka minne, kisha akatolewa kukimbia ghafla, naye ataumia. Kumkimbiza kidogo, mwendo mfupi, kisha kumpumzisha siku za kutosha, humkaza mifupa. Nakubali hilo, na ndivyo tunavyofanya sisi.

Ubaya uko kwenye zawadi kubwa, kwa sababu inakuja na tarehe. Kule Sydney, Australia, kuna mbio za Golden Slipper, za farasi wa miaka miwili tu, mita 1,200, zawadi zote pamoja dola milioni 5 za Australia. Hukimbiwa mara moja kwa mwaka, na farasi hawi na miaka miwili mara ya pili. Mguu ukipata joto, dalili ya kuumia, wiki mbili kabla, nani atamwambia mwenye farasi asubiri? Linganisheni na mbio ndefu za kilomita 160 za ubingwa wa dunia, ambako farasi haruhusiwi kabla ya kufikisha miaka 8. Huko sifa na fedha zinamngoja mnyama akomae. Ningependa mbio zote zipangwe hivyo: za watoto ziwe fupi, chache na za zawadi ndogo, fedha nono zibaki kwa waliofikisha minne au mitano.

Hili sikulisoma mahali. Mwaka wangu wa nne kazini mwenye farasi mmoja alitaka mbio za wadogo siku ya sherehe, na zawadi aliyoitangaza ilikuwa sawa na mshahara wangu wa miaka mitatu. Mimi nilikabidhiwa jike jekundu, bado hajabadilisha jino hata moja. Siku tisa kabla ya mbio nilipitisha kidole gumba mbele ya mfupa ulio chini ya goti la kushoto, akavuta mguu, ngozi ya bega ikacheza. Palikuwa na joto. Nilijua. Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimeahidiwa fungu langu la zawadi, na nyumbani tulikuwa tunadaiwa kodi. Siku mbili baadaye, kwenye zoezi la kasi, alirudi akichechemea, kichwa kikipanda na kushuka kila hatua. Daktari wa mifugo alikuta mfupa umepata ufa. Hakukimbia siku ile wala siku nyingine yoyote. Yule aliyetaka mbio alikuwa na pupa, lakini mkono uliogusa joto ulikuwa wangu.

Kwa hiyo, kazi yenu ya kwanza ni hii. Fikeni saa kumi na moja alfajiri, kabla farasi hajatoka na kabla hamjammwagia maji miguuni, maana maji baridi huficha joto. Tumia mgongo wa mkono, unahisi vizuri kuliko kiganja. Gusa miguu yote miwili ya mbele, kila siku, kwa mpango uleule: juu ya goti, goti, mfupa, kano nyuma, kifundo. Mguu mmoja peke yake haukwambii kitu, ni tofauti kati ya miwili inayosema. Bonyeza kwa gumba ukimtazama sikio. Kisha andika kwenye kaye, daftari lako, tarehe na ulichohisi, hata kama ni "hakuna kitu". Siku mtakapobishana na mtu mwenye fedha, kaye itawasaidia kuliko sauti.

Na mkihisi joto, semeni asubuhi ileile. Msingoje jioni, msingoje kuulizwa. Atakayekasirika mniletee mimi, nimezoea.

Jike jekundu yupo bado, banda la mwisho karibu na mwembe, sasa mzee. Asubuhi za Juni, baridi ikiwa kali, hatua zake ishirini za kwanza ni ngumu kama za mtu aliyelala vibaya. Mimi ndiye ninayemtoa, kwa kamba iliyolegea, na simharakishi. Atakayeanza kazi wiki ijayo nitamkabidhi mguu ule wa kushoto kwanza, aguse uvimbe uliobaki kwenye mfupa, ndipo nimwonyeshe ndoo ziko wapi.